Fayawoli na gemu za mtandaoni: namna ya kucheza bila kuizima

Maswali ni yale yale. "Gemu haiunganishi, nizime fayawoli?" "Fayawoli ndiyo inanipandishia ping?" "Rafiki yangu haoni seva yangu, nifungue poti gani?" Ping ni muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Poti ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano. Jibu la swali la kwanza ni hapana. La pili ni hapana karibu kila mara. La tatu ndilo lenye kazi, na sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili yake.

Naandika kwa mtu mwenye kompyuta ya Windows 10 au Windows 11 nyumbani, anayetumia fayawoli ile ile inayokuja na Windows. Hakuna cha kununua wala cha kupakua.

Nadharia kidogo, halafu tuingie kazini. Fayawoli hufanya kazi ya mlinzi wa getini. Wa ndani akitoka hazuiwi, na mzigo alioagiza ukifika unapokelewa. Mgeni asiyetarajiwa akibisha, hafunguliwi. Ndivyo Windows ilivyopangwa tangu mwanzo: mawasiliano yanayotoka yanaruhusiwa, yanayoingia bila kuitwa yanazuiwa. Sasa fikiria unavyocheza. Unafungua gemu, kompyuta yako inaipigia seva, seva inajibu. Wewe ndiye uliyeanza, kwa hiyo jibu linapita. Kwa gemu nyingi huhitaji kufungua chochote. Kufungua kunahitajika pale kompyuta yako inapopigiwa: wewe ndiye mwenyeji wa mechi, umewasha seva yako mwenyewe, au gemu inaunganisha wachezaji moja kwa moja bila seva ya katikati.

Na kwa nini nasisitiza usiizime? Agosti 2003 kirusi cha Blaster kilienea duniani kupitia poti 135. Mwenye kompyuta hakubofya kitu. Kuwa kwenye intaneti kulitosha. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa Service Pack 2 ya Windows XP, fayawoli ikawa inawashwa yenyewe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kikapita poti 445 na kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Ukizima fayawoli ukiwa kwenye Wi-Fi ya hosteli au mgahawa, poti za aina hiyo ndizo unazowaachia wazi watu wote mliounganishwa pamoja, na gemu wala haizihitaji.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, ile inayoandikwa "Administrator". Kama kompyuta ni ya kaka au ya baba, mwombe mwenyewe awepo. Kompyuta ya kazini usiiguse kabisa. Ina mipangilio yake.
- Mahali lilipo faili la gemu linaloishia na .exe. Kwa gemu za Steam, bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye jina la gemu, chagua "Manage", kisha "Browse local files".
- Orodha ya poti kutoka tovuti ya watengenezaji wa gemu wenyewe. Usichukue poti kutoka kwenye maoni ya video.
- Jina la antivirusi yako, kama umeweka nyingine mbali na ile ya Windows.
- Gemu iwe imefungwa unapobadilisha mipangilio. Gemu nyingi hukagua mtandao zinapowaka tu, kwa hiyo ukibadilisha kitu katikati hutaona tofauti na utadhani umekosea.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha fayawoli ni moja, na imewashwa.

Fungua "Windows Security", ingia "Firewall & network protection". Utaona mitandao ya aina tatu: "Domain", "Private" na "Public". Yote iandikwe kuwa fayawoli imewashwa. Kama pameandikwa jina la antivirusi nyingine, basi hiyo ndiyo inayosimamia, na hatua zilizobaki utazifanya ndani ya programu yake. Kanuni utakazoongeza kwenye Windows hazitakusaidia. Watu wengi hupoteza jioni nzima hapa: wanafungua poti kwenye Windows huku mlango unalindwa na programu nyingine kabisa. Kuweka fayawoli mbili hakuongezi usalama. Chagua moja, na kwa mchezaji wa nyumbani ya Windows inatosha.

2. Hifadhi nakala ya mipangilio iliyopo.

Bonyeza vitufe vya Windows na R kwa pamoja, andika `wf.msc`, bonyeza Enter. Linafunguka dirisha la mipangilio ya ndani. Upande wa kulia bofya "Export Policy", lipe faili jina lenye tarehe, lihifadhi. Ukiharibu kitu, "Import Policy" itakurudisha ulipokuwa. Usiiruke hatua hii.

3. Chagua aina sahihi ya mtandao.

Kwenye Windows 11 ingia "Settings", "Network & internet", kisha "Properties" za mtandao uliounganishwa. Windows 10 njia ni karibu ile ile. Wi-Fi ya nyumbani kwako, ambayo nywila yake unajua nani anayo, iweke "Private". Ya hosteli, hoteli, chuo au mgahawa iache "Public".

Hotspoti ya simu huwachanganya wengi. Kama ni simu yako na nywila huigawi, "Private" haina shida. Kama jirani na mashemeji wote wanaingia humo, iache "Public".

Aina ya mtandao ina uzito kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila kanuni ya fayawoli hufungwa kwenye aina fulani. Kanuni uliyoiwekea "Private" haifanyi kazi hata kidogo Windows inapodhani uko "Public". Umebadilisha ruta au jina la Wi-Fi? Windows inauona kama mtandao mpya na huenda ikauweka "Public". Hapo ndipo unasikia "jana ilikuwa inafanya kazi".

4. Fungua gemu, na usome dirisha linalojitokeza.

Gemu ikitaka kupokea mawasiliano kwa mara ya kwanza, Windows huonyesha dirisha lenye jina la programu na visanduku viwili, cha "Private networks" na cha "Public networks". Soma jina kwanza. Je, ni gemu uliyoifungua wewe? Kama ndiyo, weka alama kwenye "Private networks" peke yake, kisha "Allow access".

Jina linaweza kukushangaza. Minecraft ya Java, kwa mfano, huweza kujitokeza kama "OpenJDK Platform binary", kwa sababu inayofanya kazi nyuma yake ni Java. Hilo ni sawa, ilimradi njia ya faili iliyoandikwa hapo chini inaelekea kwenye folda ya gemu. Ikielekea kwenye folda ya vitu ulivyopakua jana, na jina hulijui, bofya "Cancel".

Tahadhari: gemu ya wizi au programu ya kudanganya kwenye gemu ("cheat") inayokuambia "zima fayawoli na antivirusi kabla ya kusakinisha" inakuomba uiondolee ulinzi unaoweza kuigundua. Iache.

5. Futa kanuni za kuzuia ulizoziweka bila kujua.

Hapa ndipo penye jibu la nusu ya malalamiko yote. Lile dirisha hutokea gemu ikiwa imejaza skrini, mtu ana haraka, anabofya "Cancel". Windows haichukulii kwamba umeahirisha. Inaandika kanuni za kuzuia gemu hiyo, kwa kawaida mbili, moja ya TCP na moja ya UDP (njia mbili za kusafirisha data mtandaoni), na haitakuuliza tena. Ubaya zaidi ni kwamba kanuni ya kuzuia hushinda kanuni ya kawaida ya kuruhusu. Unaweza kuongeza ruhusa kumi, gemu ikabaki imezuiwa, kwa sababu ya zile mbili zilizojificha.

Rudi kwenye `wf.msc`, bofya "Inbound Rules". Bofya kichwa cha safu ya "Action" ili zile za "Block" zikusanyike pamoja. Zina alama nyekundu. Tafuta jina la gemu yako, zichague hizo tu, kisha "Delete". Fungua gemu upya. Safari hii dirisha litarudi, nawe ujibu vizuri.

6. Ruhusu gemu kwa mkono, kama dirisha halikutokea.

Kwenye "Firewall & network protection" bofya "Allow an app through firewall", halafu "Change settings", halafu "Allow another app". Tumia "Browse" kulifikia faili la .exe, bofya "Add", weka alama ya "Private".

Chagua faili la gemu yenyewe. Wengi huchagua lancha, ile programu ya kuifungulia gemu, wakidhani ni kitu kimoja. Ukiwa na shaka, iache gemu iwe inacheza, fungua "Task Manager", bofya kulia kwenye jina lake, chagua "Open file location". Windows itakupeleka kwenye faili lenyewe.

Njia hii ni bora kuliko kufungua poti. Ukiruhusu programu, mlango unakuwa wazi pale tu programu hiyo inapousikiliza. Kanuni ya poti inabaki hapo hata gemu ikiwa imefungwa, na programu nyingine ikiishika poti hiyo itaitumia.

7. Fungua poti, kama unaendesha seva yako.

Nachukua seva ya Minecraft kwa sababu ndiyo inayoulizwa sana. Toleo la Java hutumia TCP 25565. Toleo la Bedrock hutumia UDP 19132. Usibadilishe herufi hizo: ukifungua TCP mahali panapotakiwa UDP, hujafungua kitu.

Kwenye `wf.msc`, "Inbound Rules", bofya "New Rule". Chagua "Port", kisha TCP, kisha kwenye "Specific local ports" andika 25565. Endelea na "Allow the connection". Kwenye aina za mtandao ondoa alama ya "Domain" na ya "Public", bakiza "Private". Mwisho ipe kanuni jina utakalolitambua miezi sita ijayo, mfano "Minecraft seva ya nyumbani TCP 25565". Jina kama "test" litakusumbua.

Kama mnacheza ndani ya nyumba peke yenu, bana zaidi. Fungua kanuni uliyotengeneza, nenda "Scope", sehemu ya "Remote IP address" chagua "These IP addresses", bofya "Add", na kwenye "Predefined set of computers" chagua "Local subnet". Sasa walio kwenye Wi-Fi yenu ndio tu wanaoweza kufika.

Poti zipo 65,535. Ukikutana na maelekezo ya kufungua 1 hadi 65535 "ili isisumbue tena", huko ni kuizima fayawoli kwa kuzunguka.

8. Jaribu kutoka kompyuta nyingine.

Kwenye kompyuta yenye seva, fungua "Command Prompt", andika `ipconfig`, soma mstari wa "IPv4 Address", yaani anwani ya kompyuta hiyo kwenye mtandao. Tuseme ni 192.168.1.20. Seva ikiwa inawaka, nenda kwenye kompyuta ya mwenzako, fungua PowerShell, andika:

`Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 25565`

Mstari wa mwisho ukiandika "TcpTestSucceeded : True", njia iko wazi. Ukiandika "False", hakikisha kwanza seva imewaka kweli. Poti isiyo na programu inayosikiliza hutoa "False" hata fayawoli ikiwa imeruhusu. Amri hii hupima TCP peke yake, kwa hiyo Bedrock ijaribu ndani ya gemu.

9. Mkimaliza msimu wa kucheza, funga.

Bofya kulia kwenye kanuni, chagua "Disable Rule". Haifutiki, inalala tu, na siku mkirudi unaiwasha kwa kubofya mara moja.

Marafiki walio mbali

Kama wewe uko Arusha na mwenzako yuko Mombasa, fayawoli ya kompyuta ni mlango wa pili. Wa kwanza ni ruta. Unaingia kwenye mipangilio ya ruta kwa kivinjari, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, unatafuta "Port Forwarding", unaelekeza poti ile ile kwenye anwani ya kompyuta yako. Iwekee kompyuta anwani isiyobadilika humo humo kwenye ruta, la sivyo umeme ukikatika na kurudi anwani inaweza kubadilika na poti ikawa inaelekea kwenye simu ya mtu. Kama ulibana kwa "Local subnet", legeza, kwa kuwa mwenzako hayuko kwenye mtandao wako. Na kwa seva iliyo wazi kwa nje, washa orodha ya wanaoruhusiwa, "whitelist", kabla hujagawa anwani yako.

Lakini kabla ya kuhangaika, angalia kitu kimoja. Ndani ya ruta soma anwani ya IP ya upande wa intaneti, kisha ilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuonyesha IP yako. Zikitofautiana, na ya kwenye ruta ikaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hali hii ni ya kawaida sana kwa intaneti ya laini za simu. Hapo kufungua poti kwenye ruta hakutasaidia hata ukifanya kila kitu sawasawa. Mwombe mtoa huduma anwani ya umma kama anauza, kodi seva ya nje, au tumia programu kama ZeroTier au Tailscale zinazowaunganisha kana kwamba mko nyumba moja. Ukitumia hizi, kumbuka hatua ya 3: mtandao huo mpya nao una aina yake, na ukiwekwa "Public" kanuni zako za "Private" hazitaugusa.

Ikigoma

*Gemu haiunganishi kabisa.* Anza na yaliyo rahisi: bando lipo? Seva za gemu ziko hewani leo? Tarehe na saa ya kompyuta ni sahihi? Saa iliyopotea huvunja mawasiliano salama na watu huilaumu fayawoli. Baada ya hapo nenda hatua ya 5.

*Ilikuwa inafanya kazi, imekufa baada ya kusasisha.* Kanuni ya programu hufuata njia ya faili. Sasisho likihamisha au kubadilisha folda, kanuni inabaki ikielekeza pasipo na kitu. Rudia hatua ya 6 na faili jipya, futa kanuni ya zamani.

*"Change settings" haibofyeki.* Hauko kwenye akaunti ya msimamizi, au antivirusi nyingine imechukua usimamizi.

*Kila kitu kiko sawa, bado seva haionekani.* Kwenye ukurasa wa mtandao wako ndani ya "Firewall & network protection" kuna kisanduku cha kuzuia mawasiliano yote yanayoingia, pamoja na ya programu zilizoruhusiwa. Ni kizuri ukiwa safarini. Ukikisahau kimewashwa, ruhusa zako zote hazihesabiki. Angalia pia kama mwenzako ameingia Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi huwatenga walio humo wasionane na wengine.

*Minecraft ya "Open to LAN" haionekani kwenye orodha.* Hiyo huchagua poti tofauti kila unapoifungua, kwa hiyo kanuni ya 25565 haiihusu. Iruhusu kwa programu. Poti huandikwa kwenye sehemu ya mazungumzo ("chat") ya gemu pale unapoifungua. Mwenzako atumie "Direct Connection", aandike IP, nukta mbili, halafu poti hiyo.

*Gemu inasema NAT ni "Strict", au sauti za wenzako hazisikiki.* NAT ni namna vifaa vya ndani vinavyotumia anwani moja ya nje kwa pamoja. Mara nyingi chanzo ni ruta au mtoa huduma. Jaribu kuwasha UPnP kwenye ruta kama nyumbani hakuna vifaa usivyoviamini, na uizime usipoihitaji, maana huruhusu programu yoyote iliyo ndani kujifungulia poti.

*Ping iko juu.* Kukagua kanuni hakuli muda utakaouhisi. Umbali ndio unaokula. Mwanga kwenye nyuzi husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 60 hata kebo ikiwa imenyooka, na haijanyooka. Chagua seva iliyo karibu zaidi kwenye mipangilio ya gemu, tumia waya badala ya Wi-Fi, na simamisha upakuaji wa nyuma.

*Sijui kama ni fayawoli au la.* Usiizime ili kujaribu, iulize. Kwenye `wf.msc` bofya "Windows Defender Firewall Properties", chagua "Private Profile", sehemu ya "Logging" bofya "Customize", na "Log dropped packets" iweke "Yes". Cheza dakika chache, kisha fungua faili la `pfirewall.log` lililo ndani ya `C:\Windows\System32\LogFiles\Firewall`. Ukiona mistari ya "DROP" yenye poti ya gemu yako, fayawoli ndiyo inayozuia na poti umeshaijua. Usipoiona, tafuta kwingine. Ukimaliza rudisha "No".

*Nimeharibu kila kitu.* Ingiza nakala ya hatua ya 2. Huna? "Restore firewalls to default" itafuta ulichoongeza na kurudisha mipangilio ya kiwandani. Gemu zitakuuliza upya zikifunguliwa. Kitu kimoja usifanye: kuisimamisha huduma ya fayawoli kupitia "Services". Microsoft wenyewe wanaonya kwamba menyu ya Start inaweza kuacha kufanya kazi na programu za kisasa za Windows kugoma kusakinishwa au kusasishwa. Kama mtu alishakufanyia hivyo, rudi "Services", tafuta "Windows Defender Firewall", hakikisha "Startup type" ni "Automatic", kisha uwashe kompyuta upya.